Funguo Tulizoshikiana

Jumamosi ile, vijana wa kanisa letu, mlipojaa kwenye besimenti yangu hapa Apple Valley, Minnesota, viatu vya theluji mmevirundika mlangoni kama mitumba, mlikuja kutazama roketi ikirushwa. Nawashukuru kwa kunitembelea. Mlimaliza chapati, mkamwaga soda kwenye zulia, na saa ya kuruka ilipofika roketi ikabaki imesimama pale pale, ghafla wote mkawa wahandisi. Mmoja akasema mitambo imekufa. Mwingine akasema ni hali ya hewa, wakati kule Florida jua lilikuwa linawaka na mtangazaji amevaa shati la mikono mifupi. Wa tatu, ambaye simtaji kwa sababu mama yake atasoma haya, akasema, "They're wasting our time, Auntie," akachukua koti lake. Mkamfuata mmoja mmoja mpaka tukabaki mimi na Obed, yule nesi wa mji jirani wa Eagan ambaye nusu yenu mnamwita anko, na sufuria ya chai. Mtangazaji alikuwa akirudia maneno yale yale, kwamba kuna shughuli ndogo inakamilishwa kiwanjani.

Hiyo shughuli ndogo ninaijua. Mngekaa kidogo mngeijua pia, lakini mlikuwa na mambo makubwa ya kufanya kwenye simu zenu. Basi mtaisoma hapa. Ni adhabu nyepesi kuliko kuja kunisafishia zulia.

Najua wengi wenu mnanifahamu kama Mama Moraa wa chapati. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi miaka mingi kule Anoka, kwenye kiwanja cha kujaribia vyombo vya roketi. Msidanganyike, Minnesota hairushi roketi. Roketi zinarushwa kusini, kando ya bahari, ambako zikianguka zinaangukia samaki. Sisi tulikuwa jikoni. Matangi na vali na mabomba yaliletwa kwetu, tukayasukumia gesi mpaka yakaguna, na kama kuna la kupasuka lipasukie kwetu nyuma ya ukuta wa zege, lisije likapasukia kule mbele ya kamera. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba likipasuka halimpati mtu.

Cheo changu kilikuwa afisa wa usalama kazini, na neno hilo usalama lilinitesa. Nusu ya kanisa waliamini kwamba nalinda geti. Mzee mmoja aliniletea glavu za sufu, kwa huruma, akaniuliza kama wananipa bunduki. Nusu nyingine waliamini nitapelekwa mwezini, wakaniagiza niwasalimie malaika. Siku mlipoandaa siku ya watu wazima kuwaeleza kazi zao mkaniweka kwenye ratiba baada ya daktari mmoja na manesi kibao, nikapewa dakika tano, na kipaza sauti kikazimwa nikiwa bado nataja jina langu. Siwalaumu. Kwetu hapa kazi ni uuguzi. Nyingine zote ni za kujishikiza mtu akingoja kuingia shule ya uuguzi.

Aliyenifundisha ni Harlan, Mzungu wa Anoka, mrefu, nyusi nyeupe, mtu wa maneno machache hata kwa viwango vya Minnesota. Mnawajua watu wa hapa. Mtu anaweza kukuambia nyumba yako inaungua kwa sauti ile ile ya kukuuliza kama umekunywa kahawa. Siku bomba lilipong'oka likapita juu ya vichwa vyetu na kutoboa ukuta wa pili, Harlan alitazama lile tundu, akakuna kidevu, akasema, "Well, that's different," yaani hili si la kila siku. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumenusurika kifo. Kama angekuwa mtu wa kwetu tungekuwa tumeshalala chini tunaomba, na mmoja wetu ameshaanza kuchangisha.

Sasa somo la sayansi, na tafadhali msisinzie. Hewa mnayovuta hivi sasa sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Haina harufu, haina rangi, haimkosei mtu adabu. Tulikuwa tunaisukuma ndani ya matangi ili ifukuze unyevu. Ikijaa humo oksijeni inatoka, na mtu akiingia hapaliwi, hakohoi, haoni kitu. Anavuta pumzi chache kama mtu aliyekaa kwake mezani, halafu magoti yanamkimbia. Harlan alinieleza hivyo, kisha akanieleza lililo baya zaidi. Rafiki yake anamwona ameanguka, anaruka ndani kumtoa, anaanguka juu yake. Halafu wa tatu. "Nobody goes in after nobody," akaniambia, yaani hakuna kumfuata mtu ndani. Nilidhani Wazungu hawana utu. Nilitoka kwa watu ambao ng'ombe wa jirani akitumbukia shimoni kijiji kizima kinatumbukia naye.

Kwa hiyo kila anayeingia kwenye tangi alibanwa kwenye kola kipimo kidogo cha oksijeni. Hewa ikiharibika kinalia, pii pii pii, kama kifaranga aliyepotezana na mama. Vijana walikichukia. Walikibandika tepu mdomoni kwa sababu kinasumbua. Kweli kinasumbua, ndiyo kazi yake yote hapa duniani. Kulikuwa na mhandisi, mtu wa vyuo viwili, aliyeona akili zaidi ni kukining'iniza nje ya tangi kisha yeye aingie ndani. Kipimo kilikaa salama kabisa, hakikulia hata kidogo. Nilibandua tepu mpaka kucha zikaniisha, na nyuma ya mgongo wangu nikapewa majina ambayo hapa siyaandiki kwa kuwa nyinyi ni watoto wa kanisa.

Chumba kingine kilikuwa cha oksijeni ya maji, ile iliyopozwa mno mpaka ikamiminika. Hiyo haielewani na mafuta. Grisi kidogo, alama ya kidole chenye mafuta, inatosha kuwasha moto ambao hauombi ruhusa. Harlan alikuwa ameandika onyo ukutani kuhusu grisi na mafuta ya mashine. Hakuandika kuhusu sisi. Mtoto wa Kisii amelelewa akijua kwamba kutoka nyumbani bila kujipaka mafuta ni kumtukana mama yake hadharani. Ongeza Januari ya huku, ambapo ngozi inakauka mpaka unaweza kuandika barua kwenye muundi kwa ukucha. Ndipo akaja Denis, tuliyemwita Denno, siku yake ya kwanza kazini, anang'aa kama sahani ya harusi.

"Umejipaka nini?" nikamwuliza mlangoni.

"Mafuta tu, Mama. Ya kawaida."

"Kanawe."

"Mikono?"

"Mikono mpaka kwapani. Uso, shingo na masikio. Kwa sabuni."

"Mama, nitapauka! Watu wataniona aje?"

"Heri upauke ukiwa mzima kuliko ung'ae mara ya mwisho."

Alinawa, akarudi wa kijivu, akafanya kazi amenuna mchana kutwa. Aliyemleta kazini ndiye aliyecheka kuliko wote, naye ni Obed, yule yule anko wenu. Walitoka kijiji kimoja, wakapanga nyumba moja Eagan, wakala sahani moja. Na wote wawili, kama kawaida ya watu wetu, walikuwa na kazi ya pili. Wakitoka kwangu Anoka walivuka mji mzima kwa gari kwenda kulea wazee kwenye nyumba ya wazee huko huko Eagan. Kulala walikuwa wanalalia wapi sijui, nadhani kwenye taa nyekundu za barabarani.

Sasa tufike kwenye kufuli, maana ndiyo niliyoitwa kwayo mpaka nikastaafu. Mama Kufuli.

Kabla hujaingia kwenye tangi unaifunga vali, ile koki ya kuingizia naitrojeni, halafu unaitia kufuli yako mwenyewe, nyekundu, yenye picha yako na jina lako. Ufunguo ni mmoja na unakaa mfukoni mwako. Kufuli yako ikiwa pale, hakuna bosi, hakuna mhandisi, hakuna malaika anayeweza kufungua gesi. Ukitoka unaitoa mwenyewe. Harlan aliniwekea ya kwanza mkononi akasema hii hailindi mali, inalinda mwili. Ni amri rahisi kuliko zote kumi za Musa, na kama zile, watu walikuwa wanaivunja kwa nia njema.

Shida ni kusahau. Mtu anamaliza kazi, anakimbilia zamu yake ya pili, kufuli inabaki inaning'inia kwenye vali na kazi nzima inasimama. Kuikata kulikuwa na taratibu ndefu ambazo wakubwa hawakuzipenda, kwa hiyo anapigiwa simu arudi. Arudi kutoka Eagan mpaka Anoka, kwenye foleni, kwenye barafu, akafungue, apokelewe na msimamizi aliyekunja uso mbele ya watu wote, halafu achelewe kwa wazee wake na kule nako agombezwe. Denno alikuwa bingwa wa kusahau. Alirudishwa mara nyingi mpaka askari wa getini wakawa wanamwuliza habari za nyumbani.

Basi watu wetu wakakaa, wakafikiri, wakatatua tatizo kwa njia ile tunayotatulia kila kitu kuanzia arusi mpaka msiba. Wakashikana mikono. Kila mmoja akachongesha ufunguo wa pili kwa fundi wa viatu, ambaye huku huchonga na funguo, akampa mwenzake amshikie. Wewe ukisahau, mimi nakutolea. Mimi nikisahau, wewe unanitolea. Mimi sikuambiwa, maana mimi ni usalama. Ufunguo wa Denno ulishikwa na Obed. Nani mwingine?

Siku yenyewe theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Denno alikuwa ndani ya tangi kubwa akisafisha viungo. Kufuli yake ilikuwa kwenye vali, kipimo kwenye kola bila tepu, na mtu wa kumwangalia amesimama nje mlangoni kama sheria inavyotaka. Kazi ikaisha salama, Denno akatoka. Hapo spika ikatangaza kwamba gari la kusukuma theluji limefika na kila mtu ahamishe gari lake. Hapa Minnesota tangazo hilo linatiiwa kuliko king'ora cha moto. Yule wa mlangoni akakimbia, na mimi nikakimbia, na wakubwa wakakimbia. Denno, aliyekuwa ameegesha mbali na hana wasiwasi, akakumbuka kwamba ameacha tochi ndani. Akarudi peke yake kuichukua. Hilo lilikuwa kosa, na amelisikia kutoka kwangu mara za kutosha. Lakini nimpe haki yake, kufuli hakuwa ameitoa. Ilikuwa bado pale kwenye vali, na picha yake akitabasamu.

Vali zilikuwa nyuma ya ukuta wa zege, mahali ambapo mtu haoni tangi. Obed akapita, akaona kufuli ya Denno. Akasikia magari yanawashwa nje, akajua Denno naye ameshashika njia ya Eagan. "Huyu amesahau tena," akasema moyoni, na kwa upendo wote wa undugu akatoa ufunguo aliopewa kushika, akafungua kufuli, akaitia mfukoni ampelekee nyumbani jioni. Fundi wa zamu akaja nyuma yake, akakuta vali haina kufuli ya mtu. Akafungua gesi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mzembe siku ile, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Nilikuwa narudi ndani, nakung'uta theluji mabegani, nikasikia kifaranga.

Sikumbuki nilivyofika kwenye kile kitufe chekundu cha kuzimia gesi. Nakumbuka nimekipiga kwa ngumi, king'ora kikaanza, na mimi niko kwenye mlango wa tangi, lile tundu la duara ambalo mtu anapita kwa kuinama. Denno alikuwa amelala kifudifudi, viatu vinatazama upande wetu, tochi iko mkononi. Obed akaja mbio, akachungulia, akaona viatu. Mkono wake ukaenda mfukoni, pale kufuli ilipokuwa. Uso wake sitausahau. Halafu akainama aingie, nami nikamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

"Niachilie, Mama! Ni Denno!"

"Najua ni Denno."

"Ni mtu wetu! Tutamwacha aje hapo ndani?"

"Ukiingia nitakuwa na wawili."

"Anakufa, Mama! Si unaona ana-die?"

"Obed, nitazame. Shika bomba la hewa safi, lile la ukutani. Lisukume ndani mpaka usoni kwake. Miguu yako ibaki hapa nje na mimi."

Alinipiga kiwiko cha kifua. Mimi nilikuwa mnene, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa kila chapati niliyowahi kula, maana nilikaa chini kabisa, mkanda mkononi, na yule kijana hakuweza kunikokota. Akalishika bomba. Akalisukuma huku analia kwa sauti, anamwita rafiki yake kwa jina la kijijini. Nami nilikuwa namchukia Harlan, aliyekuwa ameshafariki, kwa kunifundisha kukaa nje. Mtu anaweza kuwa na haki kabisa na bado akajiona muuaji. Waokoaji wetu wakaja na vinyago na mitungi ya hewa mgongoni, wakaingia, wakamtoa kama wanavyotoa gunia kwenye lori.

Wakamlaza, wakampa oksijeni. Kifua kikapanda. Baadaye akafungua macho, akatutazama sote, na swali lake la kwanza kurudi kutoka ahera likawa, "Tochi imetoka?"

Nilidhani lililo gumu limepita. Sikuwajua bado ndugu zetu.

Kwanza walikuja wazee wa kanisa, hapa hapa nyumbani kwangu, na mkungu wa ndizi za matoke walioutafuta mji mzima. Tulizungumza habari za hali ya hewa mpaka ndizi zikakaribia kuiva. Ndipo mkubwa wao akakohoa.

"Mama Moraa, tumekuja kwa ile shida ndogo ya kijana wetu Obed. Tunasikia wewe ndiye utasema kwa wakubwa ilikuwaje."

"Ndiyo, mzee."

"Si useme tu kufuli ilikuwa mbovu? Ilifunguka yenyewe. Kufuli haina mama, haitalia."

"Denno anaye mama, mzee."

"Lakini Denno amepona!"

Kisha mama yake Denno akanipigia kutoka Kisii. Nilijitayarisha kupokea shukrani, nikasafisha koo kabisa. Aliniomba nisimharibie Obed. Halafu akaja Denno mwenyewe, sauti bado imekwaruza, akasimama jikoni kwangu akaniambia, "Mama, si sijakufa? Kwani kesi ni gani?" Wote walikuwa wapole. Hakuna aliyenitukana, walinionea huruma tu, kama mtu aliyeanza kurukwa na akili kwa sababu ya kukaa sana na Wazungu.

Niliingia bafuni nikalia, kisha nikasema kweli. Nikisema kufuli ilikuwa mbovu, wakubwa watanunua kufuli nyingine, na zile funguo zitaendelea kukaa kwenye mifuko ya watu wema mpaka siku kifaranga atakapolia na hakuna anayepita. Niliwaambia kwamba Obed alifungua kufuli isiyokuwa yake. Niliwaambia pia, na hili kanisani halikutangazwa, kwamba sisi wenye vyeo tulikuwa tumefanya kusahau kufuli kuwa aibu kubwa kuliko kufa. Wakanisikiliza kwa mambo yote mawili. Tangu hapo anayerudi kufungua kufuli yake hulipwa muda wake na hupokelewa kwa kahawa, na msimamizi anayekunja uso anaukunjua mbele yangu. Na Obed akaachishwa kazi.

Mama Kufuli amefunga riziki ya mtoto wa watu. Niliyasikia maneno hayo kwenye maegesho ya kanisa, kwa Kiswahili safi, ili nisipate taabu ya kutafsiri. Obed alipita mbele yangu miezi na miezi bila kunisalimia, na iliniuma kuliko kile kiwiko.

Jumapili moja nikabeba sufuria yangu kubwa ya ugali, nikaiweka kwenye jiko la kanisa, nikaifunika leso. Nikawaambia watu, kila mwenye ufunguo wa kazini usio wake apite autumbukize humo. Simwulizi mtu jina. Wakacheka. Wakati wa chai nikasikia kling, kling, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nilipofunua leso niliketi chini. Funguo za kiwanja chetu zilikuwamo, ndiyo. Lakini zilikuwamo pia za makabati ya dawa kwenye nyumba za wazee, za mashine za kuinulia mizigo kwenye maghala ya Eagan, na wa basi la shule. Ulikuwamo hata wa ofisi ya kasisi, naye kasisi akaufurahia kwa sababu alikuwa ameutafuta tangu Pasaka. Tulikuwa tumeshikiana mji mzima.

Na juu kabisa, bado unang'aa, ulikuwa ufunguo wa kufuli mpya ya Denno. Niliitambua namba yake kwa kuwa mimi ndiye niliyempa kufuli ile baada ya kutoka hospitali.

"Denno! Hata wewe?"

"Mama, huu si Obed anashika," akajitetea. "Nilimpa mtu mwingine. Ako makini."

Nilimtia kwenye gari nikaendesha mpaka Eagan, kwenye ile nyumba ya wazee ambako Obed sasa alifanya kazi mchana. Tulimkuta chumba cha mapumziko, anakula wali kwenye kopo. Nikauweka ufunguo mezani nikamwambia Denno aeleze mwenyewe. Akaeleza, anachekacheka. Obed alifunika kopo lake.

"Wewe hukuona kitu," akamwambia. "Ulikuwa umelala. Mimi niliona viatu. Hivi vyako, vya kahawia. Na kufuli iko hapa mfukoni, inanigonga paja nikikimbia. Kila siku naiskia ikinigonga. Usinipe kitu chako nishike tena, Denno. Hata kalamu."

Denno aliacha kucheka. Aliuchukua ule ufunguo, akaukunjia ngumi, na njia nzima ya kurudi hakufungua mkono. Obed alitusindikiza mpaka mlangoni, na alipokuwa anafunga akaniambia, "Salama, Mama." Ilikuwa salamu ya kwanza kwangu tangu siku ile, nikaipokea kama mshahara.

Basi hayo ndiyo mambo ya kufuli. Denno alikaa na mimi mpaka nilipostaafu, akasoma, akashika kazi yangu, halafu wakubwa wa huko kusini wakamchukua. Leo ni afisa wa usalama kwenye kiwanja chenyewe cha kurushia roketi, anapauka kwa hiari yake, na hakuna anayemdhani askari wa geti kwa sababu yeye ni mwanamume na ana kofia ngumu.

Jumamosi ile, mlipokwisha kuondoka na kuacha mlango wangu wazi, simu ikalia.

"Mama Moraa, mnatazama?"

"Tunatazama chuma kimesimama. Vijana wamechoka, wameenda zao. Kuna nini huko?"

"Kuna kufuli kwa vali. Mwenyewe alimaliza shift, akasahau."

"Yuko wapi?"

"Ako home, mbali kidogo. Nimempigia."

"Na wakubwa wako wanasemaje?"

"Wanataka nipitishe ile process ya kukata, mbio mbio. Nimewaambia kwanza nimwone huyo mtu na macho yangu, amesimama, anapumua. Anarudi."

Obed alikuwa ameweka kikombe chini. Akaniomba simu kwa mkono.

"Denno."

"Obed! Kumbe uko hapo?"

"Niko. Kwani huyo jamaa hana rafiki wa kumshikia ufunguo?"

Nilisikia upepo wa huko kwao ukipiga kwenye simu, na mtu akiuliza jambo kwa Kiingereza kwa sauti ya haraka.

"Hana," Denno akasema. "Hicho ndicho kitu cha kwanza nilimwuliza. Hana."

Obed alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa changu cha meza, nami sikumwuliza kama kicheko kimekwisha au kimegeuka. Kwenye televisheni mtangazaji akasema tena kwamba kuna shughuli ndogo inakamilishwa. Nikaongeza maji kwenye sufuria ya chai, maana mwenye kufuli alikuwa bado yuko njiani.